Gari Lililokunywa Mto Wetu

Mpaka leo nikisikia honi natema mate chini. Watu hudhani ni uzee. Si uzee, ni hasira, na hasira yangu ina sababu yake: Wazungu wawili waligombana juu ya magari yao, na mimi Felista nikanyimwa maji.

Ilikuwa zamani za Mjerumani, mwaka ambao reli ilikuwa imeshapita Morogoro na Dodoma, inakimbilia Tabora. Mzungu mmoja tulimwita Bwana Sigara. Alikuwa na machimbo ya ulanga, yale mawe yanayong'aa kama kioo, huku kwenye mbavu za milima, na ndiye aliyeleta motokaa ya kwanza tuliyoiona sisi watu wa Uluguru, gari la petroli lililonguruma na kunuka hata mbuzi wakakata kamba. Wa pili alikuwa Bwana Miwani, mwenye shamba la mpira chini ya milima yetu. Huyu alikuwa mrefu, mpole wa sauti, asiyempiga mtu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kazi hiyo alikuwa na mnyapara wa kumfanyia. Naye alishusha gari kutoka kwenye treni, lakini la kwake halikunguruma hata kidogo. Ndani yake mlikuwa na masanduku mazito ya betri, na chakula chake kilikuwa umeme.

Wakakaa kwenye baraza ya hoteli moja ya mjini, wakabishana. Bwana Miwani alisema gari la petroli halina maisha. Miaka kumi haitapita, alisema, kila mwenye gari duniani atapanda la umeme, na petroli itabaki kuwa dawa ya kufulia madoa. Bwana Sigara alicheka mpaka akapaliwa. Alisema gari la umeme ni la mabibi wa Ulaya la kwendea kanisani, na huku kwetu litakufa njaa siku ya kwanza. Mwisho wakapeana mikono kwamba watashindana katikati ya kiangazi, kutoka stesheni ya Morogoro mpaka Kingolwira na kurudi, na atakayeshindwa atalirudisha gari lake pwani na kufunga mdomo. Habari hizo zililetwa mlimani na mume wangu Agustino, aliyekuwa nje ya hoteli na wapagazi wenzake wakingoja mzigo.

Hapa niseme haki, maana hasira haikatazi haki. Agustino alikuwa na sababu ya kulipenda gari la umeme kabla hajaliona. Petroli ya Bwana Sigara ilifika stesheni kwa treni, lakini kutoka stesheni kwenda machimboni ilipanda kwa vichwa vya watu, na watu wenyewe walikuwa akina Agustino. Debe likivuja, petroli hushuka utosini, shingoni, mgongoni, na jua likiwaka ngozi inababuka. Mume wangu alikuwa na upara wa upande mmoja, na haukuletwa na umri. Nani asiyeona kichekesho chake? Lile gari lililosemwa limekuja kuwapumzisha wapagazi, lilikunywa kitu kilichobebwa na wapagazi. Aisifuye mvua imemnyea, na Agustino petroli ilimnyea hasa.

Basi akaja nyumbani macho yanang'aa. Akasema gari la umeme halibebewi kitu kichwani, na kwamba likishinda, watu wa vichwa watapumzika. Nikamwuliza huo umeme unatoka wapi. Akasema amesikia unatoka kwenye maji yanayoanguka. Nikamwuliza maji ya nani. Maji ya nani hakujua, na mimi nikarudi kupika, laiti ningalijua.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu linajulikana na kila mtu tangu anaponyonya, lakini serikali yote ya Mjerumani, pamoja na bunduki zake na darubini zake za kupimia ardhi, haikulijua. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Shamba langu nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake, na msimamizi wa mambo yote ya ukoo ni mjomba. Mwanamume akioa akaja kukaa kwa mkewe, hulima pale alipoonyeshwa. Anakula, anashiba, anaheshimiwa, lakini hagawi hata shimo la mgomba. Ndoa ikivunjika, huondoka na jembe lake na shoka lake. Agustino alitoka upande wa Matombo. Alikuwa ameishi kwetu tangu kabla ya reli, tumezaa naye binti yetu Regina, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza neno juu ya ardhi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilidhani kamba ile haimbani.

Kijito chetu kiliitwa Mlulu. Kilitoka juu msituni, kikaanguka kwenye jiwe, kisha kikapita katikati ya mashamba yetu bondeni, mimi na dada zangu tukikigawana kwa zamu. Wakati wa kiangazi kijito hicho ndicho kilicholisha magimbi yetu. Asiyekijua kiangazi hajui gimbi ni nini. Mahindi yakiisha ghalani na maharage yakiisha, gimbi ndilo linalosimama kati ya mtoto na njaa mpaka mvua zirudi. Gimbi lenyewe halitaki mengi, linataka miguu yake iwe majini tu.

Asubuhi moja akapanda Akida Yunusi na Bwana Miwani nyuma yake. Akida alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Mjerumani juu yetu, kanzu nyeupe, fimbo ya kuonyeshea, na harufu ya udi. Sisi wanawake tulikuwa bondeni, matope mpaka magotini, tunapalilia. Agustino alikuwa juu kwenye kivuli cha nyumba anatia jembe mpini. Walitupita. Narudia, walitupita! Akida aliikunja kanzu yake isiguse majani yetu, wakaenda moja kwa moja kwa mtu pekee aliyevaa kaptula.

Akida akamwuliza, "Wewe ndiye mwenye shamba hili?"

Nilisikia kwa masikio yangu, kwa maana bonde letu hurudisha sauti. Nikangoja mume wangu aseme lile ambalo mkwe yeyote wa Kiluguru angesema, kwamba yeye ni mgeni tu, waende kwa mjomba Maneno. Agustino aliweka jembe chini. Akajifuta mikono kwenye kaptula, akasimama akanyooka.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Bwana Miwani akampa mkono, mkono wa kushikana kama watu wawili waliolingana. Kisha akaeleza kwa Kiswahili chake chepesi kwamba anataka maji kidogo, pale juu yanapoanguka, kwa ajili ya mtambo wa kulisha gari lake, mpaka mashindano yaishe. Agustino akasema chukueni. Nilipanda mbio na jembe langu mkononi, nikapiga kelele kwamba hapana, hana ruhusa ya kutoa. Akida wala hakugeuka. Alimwambia mume wangu amtulize mkewe, watu wazima wanazungumza.

Wakatengeneza ukuta wa mawe na saruji pale pale kwenye mdomo wa jiwe. Kutoka hapo wakalaza bomba la chuma lililovuka bega la mlima mpaka bonde la upande wa pili, ambako Bwana Miwani alikuwa ameweka gurudumu na mtambo wake. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha mtambo, mtambo ukajaza betri, na baada ya kazi hiyo maji yakaenda zake kwenye miti ya mpira ya Bwana Miwani. Hayakurudi kwetu hata tone. Alikuwa ameomba kidogo. Mwizi angalau hajui kuomba.

Wiki za kwanza udongo ulibaki na unyevu, na Agustino akathubutu kusema kwamba nimepiga kelele bure. Halafu bonde likaanza kupasuka. Majani ya magimbi yakawa manjano pembeni, yakainama. Dada zangu Cecilia na Asia wakawa wanapanda na mitungi mpaka msituni juu ya ukuta, wanashusha maji kichwani kwa ajili ya kunywesha shina moja moja. Mume wangu alisema gari la umeme halibebewi kitu kichwani. Mimi nilitazama dada zangu wakishuka na mitungi nikataka kumwita aje aone, lakini alikuwa mjini, amepewa kazi ya kufuta vumbi gari la Bwana Miwani.

Alipokuja nikamkabili. Nilimwambia amegawa chakula cha mwanawe, na kwamba hakikuwa chake. Akajaribu kuniambia habari za mbele, kwamba magari ya petroli yatakwisha, madebe yatakwisha, hakuna mtu atakayebabuka tena. Nikamkatiza. Nilitaka kujua jambo moja tu.

"Kwa nini ulisema ndiyo, Baba Regina?"

Aling'oa nyuzi kwenye mkeka. "Kwa sababu niliulizwa," akasema. "Tangu nije kwenu, Mama Regina, ni mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu."

Hasira yangu haikupungua, lakini tangu siku ile iligawanyika, na kipande chake kimoja kikanirudia mimi mwenyewe na ukoo wangu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kesho yake aitwe kwa mjomba.

Mjomba Maneno, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu. Alikuwa mzee mfupi, mtu wa swala tano, aliyevumilia sisi wapwa zake kubatizwa na akawa anatutania kila Krismasi kwamba tunakula vizuri lakini tunaimba vibaya. Siku hiyo hakutania. Agustino alimwamkia shikamoo akiwa amepiga magoti, na mzee akaitikia marahaba bila kumtazama. Akasema kosa limefanyika na mkwe, lakini mkwe ni mtoto wa nyumba, hatupwi. Kwa kuwa Bwana Miwani alisema ni mpaka mashindano, tungoje mashindano. Baada ya hapo maji yakirudi, Agustino atatoa mbuzi, na habari iishe. Maji yasiporudi, Agustino atakwenda bomani kusema mbele ya watu kwamba shamba si lake.

Agustino akakubali yote mawili. Alikuwa na hakika hatahitaji la pili.

Siku ya mashindano akida aliamrisha wanaume wa vijiji vyetu washuke wote. Hatukuelewa kwa nini mashindano ya magari yanahitaji watu wengi hivyo. Tulielewa baadaye. Mimi na dada zangu tulishuka pia, kwa sababu nilitaka kukiona kinywa kilichokunywa mto wangu. Kilikuwa kizuri. Nilitaka kiwe kibaya na kilikuwa kizuri, cheusi, kimesuguliwa, taa zake za shaba, na Agustino amesimama kando yake anakifuta kwa kitambaa kisafi kuliko nguo yoyote ya mwanangu. Gari la Bwana Sigara lilikuwa la kijivu, linatetemeka na kutoa moshi hata likiwa limesimama. Bendera ikashushwa, askari wakapiga bunduki juu, na magari yakaondoka, wanaume wa mlimani wakikimbia nyuma yake na kamba mabegani.

Ya njiani alinieleza Agustino, na wote waliokuwapo walisema vilevile. Gari la umeme lilitangulia tangu mwanzo, kimya kabisa, hata ng'ombe barabarani hawakujua kuhama. La petroli lilikuwa likisimama kila baada ya mwendo, na kila lilipokuwa likisimama palikuwa na watu wamepangwa tangu jana yake na madebe kichwani. Kisha likachemka, likataka maji na lenyewe. Mwanamke mmoja alikuwa akitoka kisimani, mpagazi wa Bwana Sigara akamtua mtungi na kuumimina ndani ya gari. Kwa hiyo msiniambie kuna gari lisilokunywa maji ya mtu.

Walipofika kwenye mchanga wa Mto Ngerengere, yote mawili yakazama mpaka kwenye ekseli. Ndipo wanaume wakajua walichoitiwa. Kamba zikafungwa, kundi hili likavuta gari hili, kundi lile likavuta lile, ndugu kwa ndugu wakishindana kuvuta mali ya watu wawili wasiowajua majina. Waliyavusha. Gari la umeme likafika Kingolwira la kwanza, likageuka, na Agustino akaniambia alilia kwa furaha.

Kisha, kwenye mwinuko wa kurudi, likaanza kupunguza mwendo. Halikupiga kelele wala kutoa moshi, likazidi kupunguza tu mpaka wanaotembea wakalipita, likasimama. Chakula chake kilikuwa kimekwisha, na chakula kile hakibebeki kwa debe. Kilikuwa mlimani kwetu, ndani ya bomba. Bwana Sigara akawapita akipunga kofia, na hakufika mbali, gurudumu lake la mbele likavunjikia kwenye shimo. Yote mawili yalirudi mjini jioni kwa kamba. Nilikuwapo stesheni, nikawaona. Wazungu wawili wamekaa juu ya viti vyao, kila mmoja ameshika usukani wake kama anaendesha, na mbele yao wanaume wa Uluguru wameinama, mabega yamechunika, wanavuta. Na Wazungu hao wangali wanabishana lipi lililoshinda! Kama kuna lililoshinda siku ile, ni miguu ya Waluguru, na miguu haikupewa hata maji ya kunywa.

Maji hayakurudi. Bwana Miwani alisema mashindano hayakuamuliwa, yatarudiwa mwakani kwa betri kubwa zaidi, na kwa sasa mtambo unamwashia taa za nyumbani. Magimbi yetu ya juu yalikuwa yameshakufa. Ya chini yalikuwa na uhai mizizini tu, na mvua zilikuwa bado mbali. Mjomba Maneno akavaa kofia yake, akamwambia Agustino twende.

Siku ya baraza bomani tulikuwa watu wengi kwenye changarawe. Bwana shauri, yule Mjerumani aliyekuwa akiamua kesi za wilaya, alikaa mezani chini ya kibaraza. Kando yake alikaa Akida Yunusi, na kando zaidi, kwenye kiti cha uvivu, Bwana Miwani akifuta miwani yake. Sisi tulikaa chini juani. Mjomba alieleza habari yote kwa utaratibu, hakutukana mtu, hakuzidisha neno. Alisema shamba ni la wanawake wa ukoo wake, yeye ni msimamizi tu, na mtu aliyetoa maji hakuwa na maji ya kutoa. Bwana shauri akamwita Agustino asimame.

"Sikiliza vizuri," akamwambia, na Kiswahili chake kilikuwa safi, sitamsingizia. "Kama shamba ni lako, ulitoa maji kwa hiari yako na shauri limekwisha. Kama si lako, uliidanganya serikali. Sasa sema. Ni lako au si lako?"

Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa adhabu ya kuidanganya serikali. Hamsa ishirini ilikuwa jina la viboko ishirini na vitano, na ilikuwa karibu jina la serikali yenyewe. Askari mwenye kiboko alikuwa ameshasogea. Agustino akageuka akanitafuta katika watu mpaka akaniona. Sikumpa ishara yoyote. Sikuwa na ishara. Nilitaka maji yangu na nilitaka mgongo wake, na nilijua sitapewa vyote viwili.

"Si langu," Agustino akasema. "Mimi ni mkwe. Shamba ni la mke wangu na dada zake."

Wakamlaza pale pale. Nilisimama, askari mmoja akaniketisha kwa kitako cha bunduki. Cecilia akaniziba macho kwa kanga yake lakini masikio hayazibiki. Bwana Miwani alikuwa ameondoka kwenye kiti chake akaenda kusimama nyuma ya nguzo. Mpole yule hakupenda kuona.

Walipomaliza, bwana shauri akamwita mjomba mbele. Nilidhani sasa, kwa kuwa ukweli umeshalipiwa, tutapewa kilicho chetu. Bwana shauri alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyepata jibu la fumbo. Akasema mwanamume huyu amekubali shamba si lake. Mzee naye amesema yeye ni msimamizi tu, si lake. Wanabaki wanawake, na serikali haina habari ya wanawake wenye ardhi. Basi shamba hili halina mwenyewe, na kwa sheria, ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Serikali itampangisha Bwana Miwani, pamoja na maji yake. Akafunga shauri.

Mjomba Maneno alisimama pale, kofia mkononi. Mzee aliyegawa ardhi ya watu maisha yake yote bila kumpunja mtu hatua moja ya mguu! Tulikwenda bomani tumeibiwa kijito, tukasema kweli tupu, tukarudi tumeibiwa bonde zima. Kama tungesema uongo, tungebaki angalau na udongo mkavu. Hayo ndiyo yaliyonichoma kuliko viboko, na yananichoma hata sasa ninapoyasema: kwamba ukweli wetu ndio waliotupigia.

Tulimpandisha Agustino kwa machela ya miti. Nyumbani nikamlaza kifudifudi, nikamwosha mgongo, nikampaka mafuta ya nyonyo. Alisema ameponza kila mtu mara mbili, mara ya kwanza kwa uongo na mara ya pili kwa kweli. Nilimwambia anyamaze. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na nilitaka pia kumtia kofi, na mikono yangu ikaendelea kumpaka mafuta kwa sababu haikuwa na la kufanya lingine.

Asubuhi nikachukua jembe. Sikumwambia mjomba, kwa maana angenikataza, na ningelazimika kumtii. Niliwaambia dada zangu, nao wakawaambia wanawake wa bonde, Waislamu na Wakristo, kila aliyekuwa na gimbi linalokufa. Tulipanda mchana kweupe, tunaimba wimbo wa kulimia, mpaka kwenye jiwe. Saruji ya Mjerumani ni ngumu, lakini udongo ulioishikilia ni wetu, tunaujua. Hatukugusa ukuta. Tulichimba ubavuni mwake, mahali pa udongo mwekundu, wanawake wawili wawili kwa kupokezana, na kabla ya adhuhuri maji yakauzunguka ukuta kwa pembeni, yakaupeleka chini pamoja na kipande cha bomba.

Akida Yunusi alifika na askari wakati tunaosha majembe. Kanzu yake ilikuwa na matope mpaka kwenye mapaja, na nilifurahi. Akauliza kwa ukali ni nani aliyetupa ruhusa ya kugusa shamba hili.

"Tungemwomba nani, Akida?" nikasema. "Jana nilikuwa barazani. Nilisikia halina mwenyewe."

Akasema lina mwenyewe, ni la Serikali, na mimi nimetenda kosa la kuharibu shamba la watu. Akawaambia askari wanishike mimi, kwa kuwa ndimi niliyesema.

Nikamwambia, "Jana mlisema mimi si mtu wa kuwa na shamba. Kama si mtu wa kuwa nalo, nimepataje kuwa mtu wa kukamatwa ndani yake? Nendeni mkamkamate mwenyewe."

Askari mmoja, kijana wa Kinyamwezi, akainamisha kichwa asionekane anacheka. Akida hakucheka. Wakanifunga mikono.

Kifungo nilikimaliza, na ukuta haukujengwa tena. Haikuwa huruma. Bwana Miwani alikuwa amechoshwa na gari lake, akalirudisha pwani kwa treni, na maji yale aliyotunyang'anya hakuyahitaji tena hata kwa taa, maana alikuwa amerudia taa za mafuta. Karatasi zao ziliendelea kusema shamba ni la Serikali, na sisi tukaendelea kulilima. Siku hizi Waarabu wamefunga petroli yao, na vijana wanasoma magazetini kwamba petroli itakwisha na magari ya umeme yatarudi, wananiuliza bibi unaonaje. Nawauliza kwanza yatakunywa mto wa nani.

Lakini asubuhi ile, nikishushwa na kamba mikononi, sikujua lolote la mbele. Njia ya kwenda bomani hupita bondeni, hakuna nyingine. Tulipofika pale askari ikambidi avue viatu, kwa kuwa maji yalikuwa yameshajaza tuta la kwanza la magimbi na kumwagika njiani. Asia alikuwa amesimama katikati yake na jembe, na Cecilia alikuwa akiyafungulia la pili.